Uzi: Watu wa kale walivyokabili njaa, tauni, mafuriko na matetemeko. Mbinu, vipimo, na palipovunjika

Ghalani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Nyuzi za majanga ya kale huishia kwenye idadi ya waliokufa, kisha watu wanatawanyika. Huu naomba uwe wa mafundi. Ukitaja jamii, sema walifanya nini hasa, kwa kipimo gani, nani alishika ufunguo, na mpango ulivunjikia wapi. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili wa kupinga apinge: swali la nani atapona lilikuwa limeshajibiwa miaka kadhaa kabla ya janga, na jibu lilikuwa kazi za kuchosha tu, kama kuanika nafaka na kuzibua mitaro.

Naanza na maghala. Mwaka 54 kabla ya Kristo, zama za mfalme Xuan wa nasaba ya Han huko China, ofisa aitwaye Geng Shouchang alileta hoja ya maghala ya kusawazisha bei katika majimbo ya mpakani. Mavuno yakifurika na bei ikianguka, serikali inanunua juu kidogo ya soko. Bei ikipaa, inauza chini kidogo. Mkulima hafilisiki mwaka wa neema, mlaji hafi mwaka wa dhiki, na ghala linajiendesha kwa mtaji wake lenyewe.

Karne ya 18, chini ya nasaba ya Qing, mtandao huo ulienea karibu kila wilaya. Kanuni ya jumla ilikuwa saba kwa tatu: asilimia 70 inabaki, asilimia 30 inauzwa kila masika wakati akiba za majumbani zinakatika, halafu inanunuliwa upya baada ya mavuno. Mikoa yenye unyevu iliruhusiwa kuzungusha zaidi. Kwa nini kuuza wakati hakuna njaa? Nafaka inapumua. Ukiirundika na unyevu inatoa joto, joto linaita ukungu na fukusi, nao wanaongeza unyevu na joto zaidi. Mambo hayo yakianzia katikati ya lundo, juu utaona nafaka safi kabisa hadi siku ya kuchota. Ndiyo maana pia walipendelea mpunga wenye maganda kuliko mchele uliokobolewa.

Palipovunjika: ofisa akihamishwa, mrithi wake anapokea ghala pamoja na pengo lake, na akishatia saini deni ni lake. Kwa hiyo wengi walipenda kuweka fedha badala ya nafaka, maana fedha haiozi na kuihesabu ni rahisi. Kwenye daftari mambo yanaonekana sawa. Njaa ikija, wilaya tano jirani zote zina fedha na hakuna mwenye nafaka ya kuuza.

Wainka wa Andes walikwenda njia nyingine, maana hawakuwa na soko la kuzungushia akiba kwa namna hiyo. Maghala yao, qollqa, yalijengwa mlimani, kwa safu, kila chumba peke yake, penye upepo na baridi. Huánuco Pampa pekee ina mabaki ya maghala karibu 500. Kwa kawaida huko ya mviringo yalikuwa ya mahindi na ya pembe nne ya viazi. Mahindi yalipukuchuliwa na kuwekwa kwenye mitungi mikubwa. Viazi vilipangwa kwa matabaka ya majani makavu na kufungwa kwa kamba kama marobota. Baadhi ya sakafu zilikuwa na njia za hewa chini ya mawe. Chumba kimoja kikioza au kikiungua, vingine vinabaki.

Chakula chao cha muda mrefu kilikuwa chuño. Viazi vinatandazwa nje usiku wa baridi kali mwezi wa 6 au wa 7, vinaganda. Mchana vinayeyuka, watu wanavikanyaga kwa miguu kutoa maji na maganda. Inarudiwa siku kadhaa, kisha vinakaushwa juani. Uzito hushuka hadi kama moja ya tano, na vinakaa miaka. Hii inahitaji baridi ya usiku na jua kali la mchana kwa pamoja, kwa hiyo usitarajie kuifanya bondeni.

Japani nako, baada ya njaa ya Tenmei ya miaka ya 1780, Matsudaira Sadanobu aliamuru kila bwana wa jimbo aweke akiba koku 50 za mpunga kwa kila koku 10,000 za mapato yake, kila mwaka kwa miaka mitano. Koku moja ni kama lita 180. Ni nusu asilimia tu kwa mwaka, na nadhani ndiyo sababu ilitekelezeka.

Karibuni.

Mkaguzi_wa_Hesabu

Mkuu Ghalani umefungua vizuri, ila kuwa na nafaka ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuigawa, na hapo ndipo wizi unapokaa.

Chukua ukame wa 1743–44 katika jimbo la Zhili, kaskazini mwa China, ambapo ofisa Fang Guancheng alisimamia msaada na kuacha kumbukumbu zilizopangika. Hatua zilikuwa hivi. Kwanza taarifa: janga la kiangazi liripotiwe kabla ya mwisho wa mwezi wa sita kwa kalenda yao, la vuli kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa, na ofisa anayechelewa anaadhibiwa. Pili, ukaguzi wa mashamba, hasara ikipimwa kwa sehemu za kumi. Kodi inapunguzwa kulingana na daraja hilo. Tatu, sensa ya kaya, mlango kwa mlango, wakitenganisha maskini hohehahe na maskini wa kawaida, wa kwanza wakisaidiwa miezi mingi zaidi. Nne, kila kaya inapewa hati ya kuchukulia mgao. Tano, mgao wenyewe: mtu mzima nusu sheng kwa siku, mtoto nusu ya hapo. Sheng ni kama lita moja, kwa hiyo tunazungumzia nusu lita ya nafaka. Hakuna anayenenepa, lakini mtu anafika msimu wa kupanda.

Kwa nini hatua ya tatu ni muhimu kuliko zote? Kwa sababu ukimwachia karani wa kijiji aandike orodha akiwa amekaa kwake, utapata kaya hewa, na maskini wa kweli wataombwa rushwa ili waandikwe. Ofisa kutoka nje alitakiwa aingie nyumba, aone vyungu, aone mifugo, ahesabu vichwa.

Majiko ya uji yalikuwapo pia, ila wasimamizi wazoefu waliyaogopa. Kulikuwa na kipimo kinachojulikana sana, kwamba kijiti cha kulia kikichomekwa kwenye uji kisimame. Kikianguka, mpishi ameongeza maji na kuuza nafaka. Shida kubwa ilikuwa msongamano: maelfu ya watu dhaifu mahali pamoja, baridi, kinyesi, halafu homa. Mgao wa nafaka unaochukuliwa nyumbani ulikuwa bora. Jiko la uji lilibaki kwa wakimbizi na wasio na kwao.

Kipanga

Nondo hizi zinashiba. Mkaguzi, nimewahi kusoma kwamba kuna ofisa wa China aliyepandisha bei ya chakula wakati wa njaa na akasifiwa. Si ndiyo kuua watu huko?

Mkaguzi_wa_Hesabu

Huyo ni Fan Zhongyan, Hangzhou, mwaka 1050. Nafaka ilikuwa imefika sarafu 120 kwa dou moja (kipimo cha nafaka, sawa na sheng 10). Yeye akaitangaza 180 na kusambaza habari hiyo njia zote za majini. Wafanyabiashara wakaleta mashua usiku na mchana, nafaka ikajaa, bei ikashuka yenyewe. Wakati huohuo alihimiza mashindano ya mashua, akawaambia wakuu wa mahekalu kwamba mafundi ni wa bei nafuu mwaka huo kwa hiyo wajenge, na yeye mwenyewe akakarabati maghala na nyumba za serikali kwa vibarua 1,000 kwa siku. Akashtakiwa kwamba anafanya anasa watu wakiwa na njaa. Jibu lake lilikuwa kwamba fedha ya matajiri ilikuwa inahamia kwa wasio na kazi.

Ila Kipanga, masharti yake ni mawili, na anayeyasahau anaua kweli. Lazima pawe na nafaka sehemu nyingine, na lazima pawe na njia rahisi ya kuileta. Hangzhou iko kwenye mifereji. Sasa linganisha na njaa kuu ya kaskazini mwa China ya 1876–79, iliyoua watu wanaokadiriwa kati ya milioni 9 na 13. Nafaka ilirundikana bandarini Tianjin, lakini kuifikisha Shanxi ilibidi kupita njia ya mlimani ya Guguan kwa mikokoteni na wanyama. Wanyama wale wanahitaji kula njiani, na njiani hakuna majani. Wengine walikufa, wengine waliliwa. Njia ikaziba. Hapo hata bei ingepanda mara kumi, mfanyabiashara hawezi kufika.

Kuhusu madeni na kodi, ambako watu huwa hawagusi: sheria ya 48 ya Hammurabi, mfalme wa Babeli, inasema mtu mwenye deni, mafuriko yakifagia shamba lake au nafaka isiote kwa kukosa maji, mwaka huo halipi nafaka wala riba, na bamba la mkataba linaloweshwa ili libadilishwe. Roma nayo, tetemeko la mwaka 17 baada ya Kristo lilipoangusha miji 12 ya Asia Ndogo, mfalme Tiberius aliupa mmoja wa miji hiyo, Sardis, sesta milioni 10 (sarafu za Kirumi) na kusamehe kodi miaka mitano. Ukimpa mtu chakula huku unamdai, umemlisha mdai wake.

Karantini

Naingia upande wa magonjwa.

Ragusa, ambayo leo ni Dubrovnik, ilipitisha sheria tarehe 27 Julai 1377: anayetoka sehemu yenye tauni haingii mjini hadi akae siku 30 kwenye visiwa vidogo vya jirani au mji wa Cavtat. Baadaye muda ukawa 40. Venice ikajenga hospitali ya kudumu ya wagonjwa kisiwani mwaka 1423, na mwaka 1468 ikaanzisha kisiwa cha pili kwa ajili ya wanaoshukiwa tu. Kutenganisha wagonjwa na washukiwa ndiyo hatua iliyookoa wengi, maana ukiwachanganya unamwambukiza mzima kwa amri ya serikali.

Bidhaa nazo zilikuwa na utaratibu. Pamba, sufu na vitambaa ndivyo viliogopwa kuliko vyote: marobota yanafunguliwa, yanapinduliwa, yanapigwa upepo kwa wiki kadhaa. Barua zinatiwa siki au moshi. Nafaka na vyuma vilipita kirahisi zaidi. Nadharia yao ilikuwa hewa chafu, na si sahihi, lakini vitambaa kweli hubeba viroboto, na muda wa siku 40 unatosha ugonjwa ujitokeze kwa aliye nao. Walichokosa ni panya. Panya hakai karantini, anateremka kwa kamba ya nanga.

Palipovunjika, mfano mzuri ni Marseille 1720. Mji ule ulikuwa na mfumo mzuri sana wa karantini. Meli Grand-Saint-Antoine iliwasili tarehe 25 Mei kutoka Mashariki ya Kati, ikiwa na vifo njiani na shehena ya vitambaa vilivyolengwa kwa maonesho ya biashara ya Beaucaire mwezi Julai. Kanuni ilitaka meli ya namna hiyo iende kisiwa cha mbali, Jarre. Wenye mali, akiwamo kiongozi mmoja wa mji, walikuwa na hisa kwenye shehena. Vitambaa vikateremshwa kwenye karantini ya karibu na mji, vikatoka kwa magendo. Karibu nusu ya wakazi 90,000 walikufa. Baada ya hapo ndipo ukajengwa ukuta wa mawe wa kilomita 27 huko Vaucluse kuzuia watu kuvuka. Ukuta baada ya ugonjwa kutoka!

Kijiji cha Eyam, Uingereza, 1665–66, kinatajwa sana kwa sababu kilijifungia chenyewe. Majirani waliacha chakula mpakani, malipo yakiachwa kwenye mashimo ya jiwe yaliyojazwa siki. Watu kama 260 walikufa ndani, vijiji vya jirani vikasalimika. Wengi hawasemi kwamba hilo liliwezekana kwa sababu mtu wa nje, Earl wa Devonshire, alikubali kuwalisha. Karantini bila chakula hudumu siku mbili tatu, halafu watu wanavunja.

Ndui ina habari yake. Kuchanjia usaha wa mgonjwa kwenye mkato wa ngozi kulijulikana India, dola ya Ottoman na Afrika muda mrefu kabla ya Ulaya, na China walipuliza unga wa magamba ya ndui puani. Boston 1721, maelezo yalitoka kwa Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Daktari Boylston alichanja watu wapatao 247, wakafa 6. Walioupata kwa njia ya kawaida walikuwa 5,889 na waliokufa 844. Hatari yake: aliyechanjwa anaambukiza wengine kweli, kwa hiyo asipotengwa anawasha moto mpya.

Msumeno

Karantini, hilo la Eyam umelimaliza.

Mimi ni wa majengo. Lisbon, tarehe 1 Novemba 1755: tetemeko, moto, kisha tsunami, asubuhi moja. Waziri wa mfalme wa Ureno, Marquis wa Pombal (cheo hicho alikipata baadaye), hakungoja. Maiti zilipakiwa kwenye mashua, zikafungwa uzito na kuzamishwa baharini, jambo lililohitaji idhini ya kanisa. Bei za vyakula na kodi za nyumba zikafungwa kwenye kiwango cha kabla ya tetemeko. Miti ya kunyongea ikasimamishwa hadharani kutisha waporaji. Ujenzi ukapigwa marufuku mpaka upimaji wa viwanja uishe. Hilo ndilo gumu kuliko yote, maana mtu aliye nje kwenye baridi anataka kuinua ukuta kesho. Parokia zikatumiwa maswali 13: lilidumu muda gani, mitikisiko mingapi, bahari ilirudi nyuma kwanza au ilipanda kwanza, ardhi ilipasuka wapi.

Nyumba mpya zilijengwa na kizimba cha mbao ndani ya kuta, gaiola. Nguzo na boriti zinaunganishwa kwa mbao za mshazari zinazokatana kama herufi X, kisha nafasi zinajazwa mawe na chokaa. Ukuta ukitikisika, mawe yanaweza kumeguka lakini mbao zinashika sakafu isianguke. Zinaharibika vipi? Maji yakiingia kwenye ncha za boriti zinaoza pasipoonekana. Na mpangaji wa karne nyingine akitaka duka pana, anakata zile mshazari. Kwa nje jengo ni lilelile.

Kashmir wana dhajji dewari, wazo lilelile kwa mkono mwepesi zaidi. Fremu ya mbao yenye vyumba vidogo vidogo, inajazwa mawe au matofali kwa udongo. Watu huuliza kwa nini udongo wakati saruji ina nguvu. Udongo unaruhusu vipande kusuguana, na msuguano huo ndio unaokula nishati ya mtikisiko. Ufa unaoanza kwenye chumba kimoja unazuiwa na mbao ya jirani. Ukijaza saruji, ukuta unakuwa bamba moja gumu na ufa unapita moja kwa moja. Tetemeko la Oktoba 8, 2005 liliangusha zege nyingi mbovu huku nyumba nyingi za dhajji zikibaki zimesimama. Adui wa dhajji ni mawili: mbao ya chini kugusa ardhi ikaoza, na paa la udongo linaloongezewa tabaka kila mwaka hadi linakuwa mzigo unaoua.

Mawimbi

Kwa tsunami, kisiwa cha Simeulue, Indonesia. Mwaka 1907 wimbi liliua wengi pale. Wazee wakaweka maelekezo kwenye nyimbo na bembelezi za watoto chini ya neno smong: ardhi ikitikisika kwa nguvu, bahari ikirudi nyuma, kimbia mlimani, usichukue kitu, usisubiri. Desemba 26, 2004 kisiwa kilikuwa karibu kabisa na chanzo cha tetemeko, hapakuwa na muda wa king'ora chochote. Kati ya watu kama 78,000 walikufa 7. Bara la Aceh, ng'ambo ya pale, walikufa zaidi ya 160,000.

Ona maelekezo yale yalivyo mafupi: dalili mbili, tendo moja, makatazo mawili. Ujumbe mrefu hausafiri miaka 97.

Japani walichonga mawe. Jiwe la Aneyoshi, mkoa wa Iwate, linakataza kujenga nyumba chini ya pale lilipo. Linaeleza kwamba mawimbi ya 1896 na 1933 yalifika hapo, na kijijini wakapona wawili mara ya kwanza na wanne mara ya pili. Yaani waliporudi ufukweni baada ya 1896 walipigwa tena. Mwaka 2011 maji yaliishia chini ya jiwe, nyumba zote juu yake zikabaki. Ufuo ule una mawe mengi ya aina hiyo na mengi hayakusikilizwa. Sababu haina siri: mvuvi anataka kulala karibu na mashua yake, na kizazi cha tatu hakina jina la marehemu hata mmoja. Aneyoshi waliweza kwa sababu kijiji ni kidogo na njia ya kupanda kutoka bandarini inapita palepale kwenye jiwe.

Na kuna Hirogawa, mkoa wa Wakayama. Mwaka 1854 Hamaguchi Goryo alichoma marundo ya majani ya mpunga kuwaonesha watu njia ya kupanda gizani. Hilo ndilo husimuliwa. La maana zaidi kwangu ni kilichofuata: alitumia mali yake kujenga tuta la mita 600, kimo mita 5, kitako mita 20, akiwalipa wanakijiji ambao la sivyo wangehama. Kazi ilichukua karibu miaka minne. Akapanda misonobari upande wa bahari. Tuta likakinga kijiji kwenye tsunami ya 1946.

Mfereji

Mawimbi kataja tuta, nami naongezea nani anayelitunza, maana hapo ndipo matuta hufa.

Uholanzi ya zama za kati, kila mwenye ardhi alipewa kipande chake cha tuta la bahari kulingana na ukubwa wa shamba. Msimamizi wa tuta hupita kukagua kwa misimu. Akikuta kipande kibovu, anakitengeneza na kumdai mwenye kipande, mara nyingi mara mbili ya gharama halisi. Asiyeweza tena anachomeka sepetu yake kwenye tuta na kuondoka. Atakayeing'oa anachukua shamba pamoja na wajibu. Babeli walikuwa na ukali wa aina hiyo: sheria ya 53 na 54 za Hammurabi, ukizembea tuta lako likapasuka unalipa nafaka ya wote waliofurikiwa, na usipoweza unauzwa wewe na mali yako.

Kasoro ya vipande ni kwamba maji hayatafuti wastani, yanatafuta kipande kibovu kuliko vyote. Kwa hiyo sehemu nyingi zilihamia polepole kwenye kodi ya pamoja na mafundi wa kulipwa.

Halafu likaja jambo ambalo hakuna sheria iliyolitarajia. Mwaka 1731 iligundulika kwamba nguzo za mbao zilizokinga matuta zilikuwa zimetobolewa na mwata, yule kiumbe wa baharini wa jamii ya chaza mwenye umbo la mnyoo. Anaingia kwa tundu dogo akiwa mchanga, anakula ndani, nje mbao inaonekana nzima hadi dhoruba. Ikabidi kubadili muundo wote: mteremko mpole uliofunikwa mawe. Mawe Uholanzi haina, yakaagizwa mengine nje na mengine yakaokotwa jimboni Drenthe kwa kasi hadi mwaka 1734 mamlaka ya huko ikakataza kubomoa makaburi ya mawe ya kale.

Misri wao walipima. Kisima cha kupimia Nile kisiwani Roda, Kairo, ni cha mwaka 861: nguzo ya marumaru yenye pande nane imechongwa dhiraa, shimo limeunganishwa na mto kwa njia tatu za chini. Kwa hesabu za zamani alizoandika Pliny, mwandishi wa Roma, dhiraa 12 ni njaa, 13 bado njaa, 14 furaha, 15 usalama, 16 neema tupu. Faida ni kwamba miezi kabla ya mavuno unajua kodi itakuwaje na kama ufunge maghala. Hasara ni kwamba mlanguzi naye anasoma kipimo kilekile, ndiyo maana watawala wengine walizuia namba kutangazwa hadi dhiraa 16 zitimie.

Malishoni

Nampinga Ghalani kidogo. Maandalizi yote mliyotaja yana dhana moja ndani yake: kwamba janga litapiga sehemu tu. Dhana hiyo ikikosewa, maandalizi mazuri hayakuokoi.

Wafugaji wa Afrika Mashariki walikuwa na bima bora kuliko ghala. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Anawakopesha rafiki na wakwe walioko mbali, wanaokaa kwenye mvua tofauti. Mpokeaji anakunywa maziwa, ndama hugawanwa kwa makubaliano. Ukame ukipiga kwako, unakwenda kudai. Kwa ukame na wizi wa mifugo mpango huu ulikuwa imara mno.

Kisha kuanzia 1883 ikaja homa ya mapafu ya ng'ombe, mwaka 1890–91 sotoka, 1892 ndui. Wamaasai wakaziita zama hizo Emutai. Sotoka iliua karibu ng'ombe tisa kati ya kumi, na ilisafiri kwa njia zilezile za kukopeshana na kuhamisha. Ethiopia pia 1888–92, ng'ombe wa kulimia walikwisha, mashamba yakalala hata mvua iliporudi. Waliosimama vizuri zaidi ni wenye ensete, mgomba usiozaa ndizi za kula. Unaukata ukiwa na miaka kadhaa, unakwangua shina, unafukia kwenye shimo lililotandikwa majani, unachachuka kwa miezi. Shimo lifunguliwe mara chache na lifungwe vizuri, ukiingiza hewa na maji unaoza. Halimwi kwa ng'ombe, jembe la mkono linatosha.

Ghalani

Malishoni, hoja imefika. Nakubali kwamba kutawanya hakusaidii pale njia ya kutawanyia inapokuwa ndiyo njia ya ugonjwa. Ila mfano wako wa ensete unanirudishia upande wangu: wale walikuwa wamepanda miaka kadhaa kabla. Naongeza ulezi hapo. Punje yake ni ndogo mno kwa fukusi kujifungia ndani, na ikikauka vizuri inakaa ghalani miaka mingi, mahindi yakiwa yameshageuka vumbi.

Kipanga

Na mihogo je? Si ndiyo akiba ya njaa ya kila mahali? Unauacha ardhini tu.

Malishoni

Ndiyo, unakaa ardhini hata miaka miwili, ndege hawauli, nzige akila majani mzizi unabaki. Ile michungu ndiyo hupendwa kwa akiba, maana nguruwe na wezi wanaiogopa. Lakini ina sumu ya sayanidi, na ukame huiongeza.

Njia kamili ni kumenya, kuloweka siku tatu hivi hadi mizizi ilainike na kuchachuka, kukamua, kisha kuanika. Au unaivundika kwa kuilundika na kuifunika ukungu uilainishe, unakwangua, unaanika. Kote huko kinachotakiwa ni seli kupasuka ili kimeng'enya cha mhogo wenyewe kikutane na sumu kiivunje, halafu inapaa kama gesi. Kukata vipande na kuanika juani peke yake hakutoshi: vinakauka kabla kazi haijaisha.

Tatizo la njaa ni kwamba watu wana haraka. Siku tatu zinakuwa moja. Mwaka 1981 mkoa wa Nampula, Msumbiji, ukame ulileta konzo, ulemavu wa miguu wa ghafla usiopona, zaidi ya wagonjwa 1,000, wengi wanawake na watoto. Waliokula mhogo mtupu bila maharage wala samaki waliumia zaidi, kwa sababu mwili unahitaji salfa ya protini kuondoa sayanidi. Ndiga, kile kiazi cha porini, nacho kina sumu yake na hudai kulowekwa siku kadhaa kwenye maji yanayotiririka. Anayefupisha anaumwa siku hiyohiyo, kwa hiyo watu hawathubutu. Mhogo unamdanganya mtu kwa sababu madhara yanachelewa wiki kadhaa.

Kama unga umeshasagwa na una wasiwasi nao, kuna njia ya siku hizi: changanya na maji uwe mzito, utandaze tabaka la sentimita 1 kwenda chini, uache kivulini saa 5 au juani saa 2, kisha upike ugali siku hiyohiyo.